Mstari Niliouruka

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutazama nyayo za baba yangu. Ya pili ilikuwa kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani.

Msicheke. Kutazama nyayo ilikuwa kazi kwelikweli. Aabo, maana ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita baba, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi. Angeweza kukanyaga mwiba wa mgunga akatembea nao hadi soko la mifugo na kurudi, asihisi lolote. Kwa hiyo niliketi mkekani, nikauinua mguu mmoja, kisha wa pili, nikachungulia hata katikati ya vidole.

"Kuna kitu?" angeuliza.

"Hakuna, Aabo."

"Alhamdulillahi," angesema, kisha angevaa makubadhi yake na kwenda kwa ng'ombe na ngamia wa watu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa udalali wa mifugo.

Karatasi ile iliandikwa na Daktari Mueni. Kwa kweli alikuwa tabibu wa zahanati ya mtaa wetu hapa Garissa, lakini sisi tulimwita daktari na yeye alichoka kutusahihisha. Alikuwa Mkamba mwenye sauti kubwa, na mzaha kuhusu dawa hakuutaka. Karatasi alinikabidhi mimi, Idil, mwanafunzi wa darasa la sita, kwa sababu nyumbani mwetu ni mimi peke yangu niliyejua kusoma. Aabo alimjua ngamia umri wake kwa kumtazama meno, lakini herufi zilimshinda. Mama yangu, Hooyo Saynab, alisoma duksi tu, yaani madrasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

Basi mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukuta kila asubuhi, nikasoma mstari kwa Kiswahili, kisha nikaueleza kwa Kisomali. Chai isitiwe sukari. Dawa imezwe baada ya kula, si kabla. Miguu itazamwe kila siku. Mistari sita yote. Hooyo hakuwasha jiko kabla ya kuniuliza, "Karatasi inasemaje?" Nami kichwa kilinivimba, wallahi. Mtoto wa miaka kumi na miwili, na nyumba nzima inangoja afungue mdomo!

Mstari wa saba uliandikwa baadaye. Siku hiyo Daktari Mueni alikuwa ametoka kumwona mtoto mchanga wa jirani, akapita kwetu kutusalimu. Hooyo alikuwa amekwenda kuteka maji. Aabo alikuwa amejilaza pembeni, kofia imemfunika macho, anakoroma kidogo. Mimi nilikuwa ninasugua sufuria kwa mchanga, na ukoko wa nyama ulikuwa umegoma kutoka.

"Nyama mnaipika vipi humu?" daktari akaniuliza.

"Hooyo huikaanga kwa mafuta mpaka ikauke iwe kahawia. Ndivyo Aabo anavyoipenda."

Aliichukua ile sufuria, akakwaruza ukoko kwa ukucha. Haukutoka.

"Sikiliza, Idil," akasema. "Nyama ikikutana na mafuta na moto mkali bila maji, hubadilika. Ule ukahawia ndio utamu wake, hata mimi naupenda. Lakini humo huzaliwa vitu ambavyo mwili hauna kazi navyo. Mwenye afya, figo zake huvitoa kidogo kidogo. Baba yako ni tofauti. Sukari iliyojaa katika damu yake inavitengeneza vitu hivyohivyo ndani kwa ndani, hata akiwa amelala njaa. Figo zake nazo zimechoka. Sasa nyinyi mkimwongezea vingine kwa sahani, vitakwenda wapi?"

"Vitabaki," nikasema.

"Vitabaki, vishike mishipa ya damu kama ukoko huu ulivyoshika. Mishipa inakakamaa. Macho yanakosa damu, figo zinakosa, miguu inakosa. Wataalamu bado wanalichunguza jambo hili, hawajamaliza. Lakini mimi sitakaa nikingoja wamalize ndipo nimwambie Mzee Kerrow. Nyama yake ichemsheni. Maji hayachomi kama mafuta."

Akatoa kalamu, akaandika chini kabisa ya karatasi: Asile nyama iliyokaangwa au kuchomwa mpaka ikawa kahawia. Achemshiwe.

Kisha akaniambia kwamba anakwenda Nairobi masomoni kwa miezi minne. "Wewe ndiye macho yangu hapa," akasema, akanigusa begani, akaenda zake.

Hooyo aliporudi nilimwambia kwa mdomo tu kwamba daktari ameagiza nyama ichemshwe, na asubuhi sikuusoma mstari wenyewe, kwa kuwa nyama ilikuwa tayari inachemshwa. Akachemsha. Loo, malalamiko tuliyoyasikia! Aabo alikoroga bakuli lake kwa kijiko akitafuta nyama kana kwamba amepoteza pete. Rafiki yake Ogle, dalali mwenzake, alikuja siku moja wakati wa chakula, akatazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Warya, wewe bwana Kerrow, umeota meno ya maziwa?"

Aabo hakucheka. Alisukuma bakuli kando na kumwambia Hooyo kuwa ameshiba.

Mwaka huo ulikuwa wa ukame. Watu walikuja mjini kutoka Wajir na habari zilezile, mbuzi wamekwisha, ng'ombe wamekwisha, sasa ni zamu ya ngamia. Ndipo siku moja adhuhuri lori likasimama karibu na kwetu, na juu ya magunia akateremshwa nyanya yangu, Ayeeyo Fatumo, kutoka Eldas, hukohuko Wajir. Alikuwa amesafiri siku mbili. Vumbi lilikuwa limemgeuza rangi. Kifuani, akikikumbatia kama mtoto, alikuwa na chombo cha mbao kilichofunikwa kwa ngozi na kufungwa kamba.

"Mwanangu yuko wapi?" ndilo neno lake la kwanza.

Tulijua kilichokuwemo kabla hajakifungua. Ilikuwa nyirnyir, nyama ya ngamia iliyokatwakatwa, ikaanikwa juani, ikakaangwa mpaka ikawa vipande vidogo vikavu vyeusi, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli yenye iliki. Hukaa miezi bila kuoza. Kwetu nyirnyir si chakula tu. Ni heshima ya harusi, ni akiba ya safari, na mgonjwa aliyekonda hupewa ili apate nguvu. Mama akimletea mwanawe mgonjwa chombo kama hicho, chombo hufunguliwa mbele ya watu wote wa nyumba, na mgonjwa hulishwa donge la kwanza kwa mkono wa mama mwenyewe. Kuukataa mkono huo ni aibu ambayo hata wajukuu watakuja kuisikia.

"Nilikuwa nimebakiwa na ngamia mmoja mchanga," Ayeeyo akasema. "Miguu ilikuwa imeanza kumwisha nguvu. Nikasema, asife bure, nimchinje angali hai, awe dawa ya Kerrow wangu."

Ngamia wa mwisho! Hooyo alikuwa ameshika mtandio wake mdomoni.

"Mama," akasema kwa upole, "tunakushukuru. Lakini kuna karatasi ya daktari."

"Karatasi?" Ayeeyo akageuka. "Inakataza nini hiyo karatasi?"

"Sukari, mama."

"Humu kuna sukari? Ni nyama, samli na iliki. Nionyesheni sukari iko wapi!" Sauti yake ikakatika. "Mtoto wangu amekonda namna hii, mnamlisha maji ya nyama, na mimi mnaniambia habari za karatasi?"

Hooyo akanitazama mimi. "Idil, soma. Soma yote, Ayeeyo asikie."

Nikasimama mbele ya ukuta. Nikasoma wa kwanza, nikaeleza. Nikasoma wa pili. Nikaendelea mpaka wa sita, na kila mstari Ayeeyo aliitikia, "Haya, hilo si nyirnyir." Nikaufikia wa saba. Niliuona vizuri, wino wake ulikuwa mweusi kuliko mingine. Nikageuza uso, nikaiona mikono ya Ayeeyo. Ilikuwa na alama za kuungua kwa samli moto, nyingine bado mbichi. Nikamwona Aabo anameza mate.

"Imeisha?" Ayeeyo akauliza.

"Imeisha," nikasema.

Aabo alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akasema, "Mtoto amesoma," akafungua mdomo, na mama yake akamlisha.

Nitawaambia kitu ambacho watu wazima hawapendi kuwaambia watoto: siku zile za mwanzo zilikuwa tamu. Aabo alikula nyirnyir kwa anjera, mkate wetu mwembamba, asubuhi na kwa wali jioni, na mchana alikwenda kuchota donge peke yake. Alianza tena kucheka. Alimwita Ogle aje ale, amwone kama bado ana meno ya maziwa. Hooyo, kwa kuwa karatasi haikukataza, alidhani agizo la kuchemsha lilikuwa la muda tu, akarudia kukaanga nyama kama zamani. Ayeeyo alikaa nasi akijisifu kwa majirani. Nami nilijiambia, unaona? Daktari mwenyewe alisema wataalamu hawajamaliza kuchunguza. Hodari kweli, Idil, kuchagua neno moja katika maneno mia!

Na kila asubuhi nilisoma mistari sita. Uongo wa kwanza niliusema bila kuthubutu kumtazama mtu. Wa ishirini niliusema huku nafunga vifungo vya sare.

Mwezi wa tatu tangu daktari aondoke, miguu ya Aabo ilivimba. Nikibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. "Ni joto," akasema. Uso nao ukavimba asubuhi. "Ni usingizi," akasema. Kisha siku moja, katikati ya vidole viwili vya mguu wa kulia, nikakuta kidonda. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, na hakuwa amekihisi.

"Aabo, kuna kitu. Twende zahanati."

"Daktari wetu hayupo."

"Kuna mwingine."

"Atauliza ninakula nini," akasema. "Kioshe, ukifunge kitambaa. Usimtie mama yako wasiwasi."

Nilikiosha. Na niwaambie ukweli wote, kwa kuwa ndio maana ninaandika: sikubisha. Moyo wangu ulitulia. Hata mimi nilimwogopa mtu yeyote atakayeuliza Aabo anakula nini. Tukawa wawili tunaoficha, baba na binti, na kila asubuhi Hooyo akiuliza kutoka jikoni, "Nyayo ziko salama?" mimi nilijibu, "Salama." Punje ya mtama ikawa maharagwe. Baada ya wiki tatu kidole kikawa cheusi, na harufu ikatusema.

Hooyo alipofungua kile kitambaa hakupiga kelele. Alivaa viatu akatoka mbio, na kwa bahati Daktari Mueni alikuwa amerudi kutoka Nairobi siku mbili kabla. Akaja na mkoba wake. Aliutazama mguu, akautazama uso uliovimba.

"Mzee Kerrow, bole," akasema, maana alizoea kumtania Aabo kwa kumwigiza anavyotamka "pole", lakini siku hiyo hapakuwa na mzaha machoni mwake. "Saynab, amekuwa akila nini?"

"Kila kitu cha karatasi, daktari," Hooyo akajibu kwa Kiswahili chake. "Idil anasoma kila siku. Hakuna siku anaacha."

Daktari akakiona chombo cha Ayeeyo pembeni, kifuniko wazi. Akainama, akanusa. Kisha akaenda ukutani, akaweka kidole chini kabisa ya karatasi, akasoma kwa sauti, polepole, ili Hooyo aelewe: "Asile nyama iliyokaangwa au kuchomwa mpaka ikawa kahawia. Achemshiwe."

Hooyo akageuka kunitazama. Hakunipiga. Ningepigwa ningeshukuru.

Walimpeleka hospitali kubwa jioni hiyohiyo. Madaktari walijaribu kukiokoa kidole, wakashindwa, wakajaribu kuuokoa unyayo. Mwishowe walimkata mguu wa kulia chini ya goti. Walisema pia kwamba figo zake zimedhoofika sana, na kwamba zilizoharibika hazirudi. Aabo alikuja nyumbani baada ya wiki nyingi kwa magongo mawili. Ayeeyo alipoliona lile goti lililofungwa kitambaa, alikaa chini mchangani.

"Nimemlisha mwanangu mguu wake mwenyewe," akasema. Akarudia hivyohivyo mpaka Hooyo alipomwinua.

Mimi niliacha kusoma karatasi. Asubuhi ya kwanza Hooyo aliponiuliza inasemaje, nilimjibu, "Tafuteni mwingine," nikatoka nje bila kunywa chai. Shuleni nilikaa kama gogo. Hayo yaliendelea siku nne. Siku ya tano Daktari Mueni alikuja kubadilisha bandeji, nami nikamwuliza mbele ya wote, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulala na swali lile.

"Daktari, ni mimi niliyeukata mguu wa Aabo?"

Alimaliza kufunga bandeji kwanza.

"Sijui, Idil," akasema. "Ugonjwa huu ulikuwa unamla baba yako miaka mingi kabla ya nyirnyir. Huenda hata bila nyirnyir mguu ungeumwa. Lakini chakula kile kiliupa ugonjwa nguvu, na kidonda mlichokificha kiliupa muda. Kidonda hicho ningeweza kukitibu kikiwa kama punje. Sitakudanganya ili ufurahi. Nyumba hii imedanganywa vya kutosha."

Nilianza kulia. Ndipo Aabo akagonga gongo lake sakafuni.

"Daktari, huyu mtoto hakudanganya peke yake," akasema. "Siku ile ulipoandika mstari wa saba, mimi sikuwa nimelala. Nilifunika uso nikajifanya nakoroma, kwa sababu nilichoka kukatazwa. Nilisikia kila neno, mpaka lile la ukoko."

Hooyo aliacha alichokuwa akifanya.

"Herufi sizijui," Aabo akaendelea, "lakini nimehesabu mifugo tangu nikiwa mdogo kuliko Idil. Mama yangu alipoleta chombo, mtoto akasoma, nikahesabu. Sita. Nikajua ameruka mmoja, na nikajua ni upi. Nikasema mtoto amesoma, nikafungua mdomo. Na kila asubuhi baada ya hapo nilihesabu sita, nikanyamaza. Nilikuwa mtu mzima, nikajificha nyuma ya mtoto."

"Nyote wawili mlijua," Hooyo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilitutisha kuliko kelele. "Mlijua, na mimi niliyekuwa napika sikujua. Mikono yangu hii ndiyo iliyokuwa inakaanga."

Aabo aliinamisha kichwa kwa mkewe, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baadaye. Kisha akaniita nikakae karibu naye.

"Idil, uliruka mstari kwa sababu ulitupenda. Ulimhurumia Ayeeyo, ukanihurumia mimi. Lakini huruma hiyo imenigharimu mguu. Ukimpenda mtu, usimsomee anachotaka kusikia. Msomee kilichoandikwa, hata akinuna, hata akilia. Na ukiona kidonda, kiseme kingali kidogo. Umenielewa?"

"Ndiyo, Aabo."

"Na mimi nimejifunza nikiwa na mvi. Haya, inuka usome."

Niliinuka. Nilisoma, na kila mstari nikaueleza kwa Kisomali, nikimtazama Ayeeyo. Nilipofika wa saba nilisimama kuvuta pumzi. Aabo alikuwa ameinua vidole sita hewani, akingoja. Nikausoma. Akainua cha saba.

Tangu siku ile nyama ya Aabo huchemshwa na Ayeeyo mwenyewe, kwa vitunguu na ndimu, na hamruhusu mtu mwingine kusogelea sufuria. Nyirnyir iliyobaki aliwagawia wageni wenye afya, wakala na kumsifu, naye hakuitikia sifa hata moja. Aabo bado analalamika kwamba mchuzi hauna ladha, lakini anamaliza bakuli. Uvimbe usoni umepungua. Sokoni huenda na magongo, na Ogle humtangulia kumfungulia njia katikati ya ng'ombe. Hamtanii tena habari za meno.

Nami nimerudia kazi zangu mbili za asubuhi. Karatasi huchukua muda mrefu, maana Aabo huhesabu kwa vidole mpaka saba, na Hooyo huja kusimama mlangoni asikie mwenyewe. Kazi ya nyayo huisha upesi. Siku hizi ni unyayo mmoja tu.